Kongosho na Dalili Zake



Nimepewa dakika chache, nami ni tabibu, basi habari za mpira wa zamani nawaachia wengine. Nitasema juu ya kiungo tulichokichora katika daftari la baiolojia tukakisahau baada ya mtihani, yaani kongosho. Lipo nyuma ya mfuko wa tumbo, urefu wake kama sentimita 15, nalo hutoa maji ya kusaga chakula pamoja na insulini. Kwa kuwa limejificha, saratani yake huota kimya kimya.

Mrija wa nyongo utokao kwenye ini hupita katika kichwa cha kongosho. Uvimbe ukiota hapo huubana, nyongo ikakosa njia, ikarudi katika damu. Ndipo macho yanapogeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, ngozi ikawasha. Choo nacho hupauka, maana nyongo ndiyo inayokitia rangi. Mara nyingi mgonjwa haumwi popote, na huko kutoumwa ndiko kunakomponza: husema ni malaria, akanywa mizizi mwezi mzima. Manjano yasiyo na maumivu kwa mtu mzima yanataka hospitali wiki hiyo hiyo.

Dalili nyingine huhadaa. Kuna maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, yakazidi mtu alalapo chali na kupungua akiinama mbele. Kuna kukonda bila sababu. Na wazee mliovuka miaka 50, nisikilizeni: kisukari kinachozuka ghafla huku mtu akikonda kisichukuliwe kuwa kisukari tu. Wengi wenye dalili hizi hawana saratani, wana vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo. Hata hivyo tabibu aambiwe zote kwa pamoja, kwani upasuaji, ambao ndio wenye tumaini la kuponya, hufaa kabla uvimbe haujaenea, na wengi hufika umekwisha kuenea.

Sigara huongeza hatari, na ukoo pia. Jimmy Carter, Rais wa Marekani tangu 1977 hadi 1981, alifiwa na baba, ndugu wa kiume na dada wawili kwa saratani hii. Yeye, ambaye hakuwa mvutaji, alifariki 2024 akiwa na miaka 100.

Vijana, nyumbani wanaomwona baba kila siku hawatambui kwamba anakonda. Ninyi mnaorudi likizo baada ya miezi mitatu mtaona mkanda wake umetobolewa tundu jipya. Mwulizeni kwa adabu, kisha mfuatane naye hospitali.

Mzee mmoja ameniuliza hapa mlangoni kama kuna kipimo cha damu cha kuwapima watu wote wasio na dalili. Cha kutegemewa hakipo. Mwenye dalili huanza kwa picha ya ultrasaundi, lakini hewa ya matumbo yaweza kulificha kongosho. Basi dalili zikiendelea, aulizie picha ya siti skani.