Njaa ya Bibi na Afya ya Mjukuu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya urithi. Mtu akitaja urithi, fikira zetu huenda upesi kwenye shamba, ng'ombe, minazi au nyumba. Lakini upo urithi mwingine usioandikwa katika wasia wala kugawanywa mbele ya wazee, nao ni urithi wa mwili. Kila mtu ajua ya kuwa mtoto hurithi sura na kimo cha wazazi wake. Jambo ambalo wengi hatukulijua zamani ni hili: njaa iliyompata mama alipokuwa na mimba yaweza kuacha alama katika mwili wa mtoto, na alama ile isionekane mpaka mtoto awe mtu mzima wa miaka hamsini.

Tutaanza na habari za nchi ya Uholanzi. Mwezi wa Septemba 1944, majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalijaribu kuvuka mto Rhine karibu na mji wa Arnhem. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa imekimbilia London, iliwaagiza watu wa reli wagome, ili Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi yao wasipate njia ya kusafirisha askari. Jaribio lile halikufaulu. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia vyakula visifike katika miji ya magharibi, kama Amsterdam na Rotterdam. Waliporuhusu vyakula vipite kwa mashua mwezi wa Novemba, baridi ilikuja kali hata mifereji ikaganda barafu.

Nguvu ambayo mwili huipata katika chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Mwishoni mwa Novemba posho ya mtu mjini Amsterdam ilikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku, na mwisho wa Februari 1945 ilikuwa kiasi cha 580 tu. Watu walikula mizizi ya maua ya tulip. Watu kama 20,000 walikufa. Mwezi wa Mei 1945 nchi ikakombolewa, na chakula kikarudi.

Katika msiba ule lilikuwamo jambo moja lililowafaa wataalamu baadaye. Njaa nyingi huja polepole na kuondoka polepole, lakini njaa hii mwanzo wake ulijulikana na mwisho wake ulijulikana. Tena hospitali na wakunga walikuwa wameandika vizuri habari za kila uzazi. Kwa hiyo iliwezekana kujua kila mtoto alikuwa na miezi mingapi tumboni njaa ilipomkuta mama yake.

Mwaka 1976 wataalamu walitoa habari za vijana wa kiume 300,000 waliopimwa walipoitwa jeshini. Wale ambao njaa iliwakuta katika nusu ya kwanza ya mimba walionekana kuwa na unene uliopita kiasi kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Miaka mingi baadaye watu waliozaliwa katika hospitali moja ya Amsterdam waliitwa wapimwe, nao wamekwisha kufika umri wa miaka hamsini hivi. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa, miili yao ilishindwa kuitawala sukari ya damu sawasawa na wengine. Wale waliokutwa na njaa katika miezi ya kwanza ya mimba walipata maradhi ya moyo kwa wingi zaidi. Na la ajabu ni kwamba hao wa miezi ya kwanza walizaliwa na uzito wa kawaida, kwa sababu mama zao walipata chakula kabla ya kujifungua. Mkunga aliwapima, akafurahi, wala hakuona ila yo yote.

Yawezekanaje? Wazee wetu walisema, udongo uwahi ungali maji. Moyo, mafigo na kongosho la mtoto hufinyangwa tumboni. Chakula kikipungua siku zile, mwili hujenga kwa uchache, nao hujizoeza kuweka akiba, kana kwamba dunia ya nje ni ya njaa siku zote. Baadaye mtu akiishi katika shibe, mwili ule haukujiandaa kwa shibe.

Wataalamu wameona na jambo jingine. Mwaka 2008 waliwalinganisha watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ile na ndugu zao wa tumbo moja wasioipata njaa. Ilikuwa miaka 60 imepita, na hata hivyo walikuta tofauti katika vialama vidogo vilivyoshikamana na chembe za urithi. Waliosoma maandishi ya Kiarabu watatuelewa upesi: herufi ni zile zile, lakini irabu zikibadilika, neno husomwa vingine. Njaa haikubadili herufi; iligusa irabu.

Je, na wajukuu? Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mayai yake ya uzazi yamekwisha kuumbwa ndani yake. Basi bibi aliyemchukua mama yako tumboni alilichukua pia lile yai ambalo wewe ulitoka kwalo. Mwaka 2013 wataalamu wa Uholanzi waliandika kwamba watoto wa wanaume waliokuwa tumboni wakati wa njaa walikuwa wazito kuliko wengine. Lakini juu ya wajukuu wataalamu wangali wakijadiliana, maana jamaa moja hurithishana pia nyumba, mapishi na desturi, na si rahisi kuyatenga hayo na damu.

Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya Ulaya na vita vyake. Basi twende Gambia, Afrika ya Magharibi, katika kijiji cha Keneba. Huko habari za kuzaliwa na kufa zimeandikwa tangu karibu na mwaka 1950. Kila mwaka wakati wa mvua ghala hupungua na kazi ya shamba huzidi, kama vile wengi wetu tunavyojua wenyewe. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba waliozaliwa katika miezi ya njaa hawakutofautiana sana na wenzao utotoni, lakini walipokwisha kuwa watu wazima walikufa mapema kwa wingi zaidi, hasa kwa maradhi ya kuambukiza.

Lakini Gambia imetupa na dawa. Katika vijiji 28, wanawake wenye mimba walipewa kila siku biskuti za karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta, zilizookwa kule kule. Katika majira ya njaa uzito wa watoto wao ulizidi kwa kadiri ya gramu 200, na watoto waliozaliwa wafu wakapungua.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuache kumlaumu mama. Mara nyingi mtoto akizaliwa dhaifu, wakwe humtazama mke kwa jicho baya, na wengine hutafuta mchawi. Mama wa Amsterdam hakuichagua njaa yake, wala mama wa Keneba hakuyachagua majira. Pili, mume na jamaa nzima wajue ya kuwa sahani ya mwenye mimba ni akiba ya ukoo. Ziko jamaa zilizomkataza mwenye mimba mayai, na ziko nyumba ambazo mama hula mwisho, akapata yaliyobaki chunguni. Desturi hizo tuziache. Miezi ghala inapopungua, yeye na apakuliwe kwanza, naye apunguziwe jembe na mizigo ya kuni. Tatu, aende zahanati mapema, asingoje tumbo lionekane, kwa sababu miezi ya kwanza ndiyo tuliyoona ina neno.

Na wewe uliyezaliwa mwaka wa njaa usivunjike moyo. Hayo tuliyosema si hukumu. Ni onyo tu. Wengi waliozaliwa katika njaa ile ya Uholanzi wameishi mpaka uzee. Pima damu yako na sukari yako, kula kwa kiasi, fanya kazi ya mwili, nawe umekwisha kujilinda.

Shamba twaweza kulinunua tena likipotea, lakini siku za tumboni hazirudi. Jioni hii, chakula kitakapopakuliwa nyumbani kwako, tazama ni nani anayepakuliwa mwisho. Kwaherini.