Tusiwafungie Wazee Vitini

Mama yangu alipotimiza miaka 70 nilimkataza kutwanga, kuchota maji, hata kwenda sokoni kwa miguu. Nilidhani ndiyo heshima. Miaka michache baadaye aliteleza uani, akavunjika nyonga. Daktari alisema mifupa yake ilikuwa imedhoofu.

Ndani ya uboho wa mifupa mna chembe changa ambazo bado hazijashika kazi. Chembe hizo zaweza kuwa za kujenga mfupa au za kuweka mafuta. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walizitoa kwenye uboho wa watu, wakazikuza maabarani katika vimiminika tofauti: hizi zikawa za mfupa, zile za mafuta. Umri ukisogea, nyingi huelekea kwenye mafuta. Kukaa bure huzidi kuzisukuma huko. Mwendo na mzigo huzivuta zirudi kwenye mfupa.

Uzee hauna dawa. Lakini kumfungia mzee kitini si kumuenzi. Siku hizi, kwa ruhusa ya daktari, mama hutembea na mkongojo hadi kwa jirani. Mimi humfuata nyuma, nimenyamaza.