Chupa ya hamira inavyokuonyesha nzi wa maembe
Hotuba ya afisa wa kilimo kwa wakulima wa maembe, Makueni



Nzi huyu alionekana nchini mwaka 2003. Kwa sababu yake, mwaka 2014 tulisimamisha kuuza maembe Ulaya.

Jike huhitaji protini ili mayai yakomae, na hamira humvuta. Toboa chupa ya plastiki ubavuni, matundu yanayopitisha penseli. Tia maji yenye hamira na sukari, uining'inize mwembeni, kivulini. Kila wiki hesabu nzi, andika, badilisha maji.

Chupa haimalizi nzi, inakuonya. Idadi ikipanda, okota maembe yote yaliyoanguka, uyafunge kwenye mfuko mweusi juani hadi funza wafe.

Lakini jirani akiacha yake yaoze, nzi watarudi kwako. Kwa hivyo tuanze pamoja.