Bahari ikifungwa, nani hufaidi? Mbuga, hifadhi na tengefu katika Kaunti ya Kilifi

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi na wavuvi



Kila inapotajwa habari ya kutenga sehemu ya bahari, swali la kwanza kutoka kwa mvuvi huwa moja: nitakula nini? Ni swali la haki, na ndilo linalostahili kujibiwa kwanza. Mwenye boti la injini akifungiwa mahali pamoja ataenda kwingine. Mwenye mtumbwi na madema manne hawezi kuvuka mwamba wakati wa kusi. Akifungiwa maji ya ndani, amefungiwa riziki. Kwa hiyo mazungumzo haya yatahusu mambo matatu: maeneo yaliyotengwa ni yapi, yamefanya nini, na mkazi ana nafasi gani katika uamuzi wa kutenga mengine.

Mbuga, hifadhi na tengefu si kitu kimoja

Watu wengi huyachanganya majina haya, na mkanganyiko huo umewahi kuleta ugomvi ufuoni.

Mbuga ya kitaifa ya bahari ni mahali pasiporuhusiwa uvuvi wa aina yoyote. Wala kuokota kombe, simbi au matumbawe hakuruhusiwi. Kilifi ina mbuga mbili za namna hii, Malindi na Watamu. Zote zilitangazwa mwaka wa 1968 na ni miongoni mwa mbuga za kwanza za bahari barani Afrika.

Hifadhi ya bahari ni tofauti. Humo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, mradi zana zinazotumika ziwe halali. Mbuga za Malindi na Watamu zimezungukwa na hifadhi, na Mida Creek pamoja na mikoko yake ni sehemu ya hifadhi hiyo. Mvuvi wa mshipi au dema aliye ndani ya hifadhi hajavunja sheria. Akivuka mpaka wa mbuga, amevunja. Mbuga na hifadhi zote ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo ni la serikali ya kitaifa.

Tengefu ni eneo ambalo wavuvi na wakazi wenyewe wamekubaliana kulipumzisha. Kielelezo kinachojulikana zaidi nchini kiko Kilifi: Kuruwitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazee na wavuvi wa hapo waliona samaki wanapungua na waliobaki wanakuwa wadogo. Walijadiliana, wakapinga, wakajadiliana tena, na kuanzia mwaka wa 2005 wakafunga kipande cha takriban hekta 30. Mwaka wa 2017 jamii hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Samaki hawajui mpaka

Je, kufunga kunasaidia? Bahari ya Pwani ya Kenya imechunguzwa na watafiti kwa zaidi ya miaka 30, na baadhi ya majibu yako wazi.

Ndani ya mbuga zinazolindwa vyema, samaki ni wengi na wakubwa kuliko nje. Ukubwa ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Tewa mmoja mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko tewa wadogo kadhaa wenye uzito sawa na wake wakijumlishwa. Anayevua wote wakiwa wachanga amekula mbegu.

Halafu samaki hawajui mpaka. Wanapojaa ndani, baadhi hutoka nje. Uchunguzi uliofanywa kandokando ya mbuga ya bahari ya Mombasa katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa madema yaliyotegwa karibu na mpaka yalipata samaki wengi na wakubwa kuliko yaliyotegwa mbali. Wavuvi walilijua hilo kabla ya kuambiwa. Ndiyo maana huwa wanapanga madema yao karibu na maboya ya mpaka.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho ya haraka. Kikande hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba wanaochoma miguu ya waogaji. Kikande wakimalizwa, wanyama hao huzaana kupita kiasi na kuutafuna mwamba. Mwamba ukilika, tafi, pono na changu hukosa pa kujificha, na mawimbi hufika ufuoni na nguvu zaidi. Hivyo samaki ambaye sokoni hana bei kubwa ndiye mlinzi wa mwamba wote.

Ahadi isizidi ukweli

Ni muhimu pia kusema yale ambayo kufunga bahari hakuwezi kufanya.

Kwanza, faida haiji siku moja. Pweza hukua upesi, na ndiyo sababu jamii za kisiwa cha Pate, Lamu, zimejaribu kufunga maeneo ya pweza kwa miezi michache tu na kuyafungua tena. Lakini tewa huhitaji miaka kukomaa. Yeyote anayewaambia wavuvi kuwa watavuna samaki wakubwa wa mwamba baada ya msimu mmoja anawadanganya. Na katika miaka hiyo ya kusubiri, mzigo hubebwa na mvuvi mdogo na mama karanga anayenunua kwake. Mpango wa tengefu usiosema watu hawa watajikimu vipi haujakamilika.

Pili, boya la mpaka halizuii joto. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kali na matumbawe ya Pwani yakageuka meupe na kufa kwa wingi, ndani ya mbuga na nje yake. Tumbawe ni mnyama hai, na chakula chake kingi hutokana na viumbe vidogo vinavyoishi mwilini mwake na kumpa rangi. Maji yakizidi joto, huvitoa. Joto lisipopungua mapema, hufa njaa.

Tatu, boya halizuii udongo. Kila msimu wa mvua Mto Sabaki huleta maji mekundu hadi Malindi. Udongo huo umetoka mbali, kwenye mashamba na miteremko ya bara iliyokatwa miti. Ukitua juu ya matumbawe na nyasi za bahari, huyafunika na kuyanyima mwanga. Kwa hiyo mkulima anayechimba matuta kando ya Galana anailinda bahari, hata kama hajawahi kuiona.

Somo la malalamiko

Mbuga za mwaka wa 1968 zilitangazwa juu ya maji ambayo familia za wavuvi zilikuwa zikiyatumia kwa vizazi. Utaratibu wa kuwashirikisha wananchi kama unavyojulikana leo haukuwapo. Malalamiko yaliyotokana na hapo hayajakwisha, na si haki kuyaita ukaidi.

Kwale kuna mfano mwingine. Hifadhi ya Diani-Chale ilitangazwa rasmi mwaka wa 1995, lakini wavuvi na wakazi waliipinga na kwa miaka mingi ikabaki kwenye karatasi tu. Ukilinganisha na Kuruwitu, tofauti haiko kwenye samaki wala kwenye mwamba. Iko kwenye swali moja: nani aliamua? Kuruwitu ilifungwa na watu waliojua kila jiwe la maji yao, na wao wenyewe ndio waliokubali kulipa gharama.

Leo swali hilo lina uzito zaidi. Desemba 2022, mataifa ya dunia, Kenya ikiwamo, yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari kufikia mwaka wa 2030. Maana yake ni kwamba mapendekezo mapya ya kutenga maeneo yatafika Pwani. Yatafika pia Kilifi. Wakazi wanaweza kuyasubiri yakiwa yameshaandikwa, au wanaweza kukaa mezani yanapoandikwa.

Nafasi ya mkazi

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihimize umma kushiriki katika usimamizi wa mazingira. Kifungu hichohicho kinampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyalinda. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 nayo inatambua kwamba jamii zinazopakana na mbuga zinastahili sehemu ya manufaa. Haki hizi hazitekelezeki zenyewe. Zinahitaji watu wanaofika na kuuliza.

Mlango ulio karibu zaidi na mvuvi ni kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU. Vikundi hivi vimetambuliwa kisheria tangu kanuni za mwaka wa 2007, na mendesha boti, mvuvi, mchuuzi na mama karanga wote wana nafasi humo. Tengefu hupendekezwa na kusimamiwa kupitia BMU, pamoja na maafisa wa uvuvi. Mtu asiyejiandikisha hana kura siku ya kuamua ni wapi pafungwe na kwa muda gani.

Jambo la pili ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Samaki wanaoshushwa wasipopimwa na kuandikwa, siku ya mabishano hakuna ushahidi kwamba ufuo fulani ulitegemewa na familia nyingi, wala kwamba samaki wameongezeka au wamepungua. Rekodi ya mizani ni kinga ya mvuvi kuliko kelele za barazani.

Jambo la tatu ni zana. Juya lilipigwa marufuku mwaka wa 2001 kwa sababu hukokota kila kitu, pamoja na vichanga na nyasi wanamojificha. Juya moja likiachwa liendelee kukokotwa, subira ya wavuvi hamsini wenye madema inakuwa kazi bure. Na mnunuzi naye ana sehemu yake: samaki asiyenunuliwa akiwa mchanga hana sababu ya kuvuliwa akiwa mchanga.

Kabla ya kukubali au kukataa eneo lolote jipya, wakazi waulize maswali haya. Mipaka iko wapi, na je, itawekwa maboya yanayoonekana? Litafungwa kwa miezi au kwa miaka? Nani atalinda usiku? Ada za wageni zitaingia mfuko gani, na hesabu itasomwa lini mbele ya watu? Mvuvi anayekosa maji ya ndani atasaidiwa vipi katika kipindi cha kusubiri? Na kama mambo hayaendi, eneo litafunguliwa kwa utaratibu gani?

Pendekezo lenye majibu ya maswali hayo linastahili kusikilizwa kwa makini. Lisilo na majibu lirudishwe likaandikwe upya. Bahari ya Kilifi imelisha watu wengi kwa muda mrefu, na wanaoijua zaidi ndio wanaopaswa kusema ni wapi ipumzike.