Daktari Mpya na Bahasha ya Dawa

Leo tutazungumza habari za daktari kijana, aliyemaliza masomo yake karibuni akapelekwa hospitali ya serikali. Huenda ukamkuta Kivunge, utakapotoka hapa Kendwa na mtoto mgonjwa.

Siku ya kwanza anaona nini? Barazani watu wamejaa tangu alfajiri, na wenye kuwatibu ni wachache. Chuoni alifundishwa dawa tatu za maradhi mamoja. Kabatini anakuta moja, au haipo kabisa, basi anakuandikia karatasi ukanunue duka la dawa. Usimkasirikie yeye. Fedha za dawa haziko mfukoni mwake.

Upungufu huu ni wa zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 madaktari wengi waliondoka Unguja. Mwaka huo huo wakaja madaktari wa Kichina, na wenzao wanakuja kwa zamu hata sasa. Mwaka 2007 walimu wa Kikuba walianza kufundisha udaktari hapa hapa Zanzibar.

Lakini liko jambo baya kuliko kabati tupu, nalo ni dawa iliyopatikana kwa shida kisha ikamezwa ovyo. Tazameni bahasha ya dawa. Imeandikwa 1 × 3. Maana yake kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, kila yakipita masaa manane. Si vidonge vitatu kwa mkupuo!

Sasa andikeni daftarini: 2 × 2. Je, mgonjwa atameza vidonge vingapi kwa siku tano?