Wageni wa Hema Kando ya Bwawa

 

Mmetuuliza mara nyingi: vijana wa parokia na wageni wa mjini wakitaka kulala kwa hema huko juu karibu na bwawa la Chemususu, je, kikundi chaweza kupata kitu? Ndiyo, chaweza. Kuni, githeri, chai ya asubuhi, mtu wa kuwaonyesha njia, yote hayo ni kazi. Lakini pesa ndiyo sehemu rahisi.

Kwanza, msitu una wenyewe. Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu wanakijiji, wakiwa ndani ya chama cha jamii cha kuhifadhi msitu na wakiwa na mkataba, kufanya kazi ya utalii na matembezi. Kikundi kikienda kivyake tu na panga na kamba, hicho ni kuingia msitu bila ruhusa. Basi mwenyekiti na katibu waende kwanza kwa ofisi ya misitu, waulize, waandikiwe.

Pili, maji yale ni ya kunywa. Hakuna kuogelea, hakuna kufua, na choo kichimbwe mbali, upande ambao mvua haiwezi kukipeleka bwawani. Vijana watanung'unika. Waacheni wanung'unike. Maji ya mlimani ni baridi sana, na ukingo wa bwawa hauteremki polepole kama mto mnaoujua. Hatua mbili tu na huna mguu chini.

Hema lipigwe wapi? Hapa tusifanye mchezo. Mnakumbuka Solai, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa bwawa la shamba ulipovunjika na zaidi ya watu 40 wakafa. Mnakumbuka pia Hell's Gate kule Naivasha: Aprili 2012 vijana 7 waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa walichukuliwa na maji ndani ya korongo, na Septemba 2019 watu wengine 7. Mvua inanyesha mbali juu, wewe ulipo huioni, halafu maji yanakuja kwa ghafla. Kwa hiyo hakuna kulala chini ya ukuta wa bwawa, wala ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na umekingwa na upepo. Tafuteni mahali pa juu.

Sasa tuseme la kwetu, ingawa ni aibu. Kambi moja tuliyoisimamia, usiku ulikuwa baridi, na wasichana wanne wakaingiza jiko la makaa ndani ya hema wakafunga zipu. Sisi tulikuwa tumelala. Mmoja alitoka nje kujisaidia akaanguka, na kelele ya kuanguka kwake ndiyo iliyotuamsha. Watatu waliobaki tuliwaburuta nje, wanatapika, mmoja hajui jina lake. Walipona wote. Moshi ule wa makaa hauonekani wala haunuki, na mtu akisinzia haamki. Hatukuwa tumewaambia. Tulikuwa tumewaambia juu ya sala ya jioni, zamu ya kuosha sufuria, hata juu ya nyoka!

Tangu siku hiyo jiko linabaki nje, na mtu mzima anahesabu majiko kabla ya kulala. Baridi inaondolewa kwa blanketi mbili, soksi na nyasi kavu chini ya hema.

Jambo dogo la jikoni: huko juu maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya huku chini, kwa hiyo githeri huchelewa kuiva. Lowekeni mahindi na maharagwe tangu jana yake, na mhesabu kuni za ziada kwenye bei. Kikundi kimoja hakikuhesabu, kikapika hadi saa nne usiku, na faida yote ikaishia kwa kuni.

Mweka hazina aandike bei hiyo kabla mgeni wa kwanza hajafika.