Nanoteknolojia na Maji Tunayokunywa

Gawa milimita moja katika vipande milioni moja. Kila kipande ni nanomita. Kwa udogo huo hata dhahabu hubadilika ikawa nyekundu. Nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutumia vitu vya udogo huo, imo kwenye chipu za simu na baadhi ya chanjo za UVIKO-19, lakini faida ninayoithamini zaidi ni maji safi. Mkoani Arusha, floridi iliyozidi majini hutia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupindisha mifupa. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela aliunganisha mchanga na chembechembe za nano zinazonasa uchafu wa aina hiyo, akatunukiwa tuzo ya uhandisi barani Afrika mwaka 2015. Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi floridi. Ukiona meno ya watoto yanageuka rangi, peleka maji yakapimwe.